Myuti za gitaa zinafurika besi kanisani: kompresa ikae mbele ya amplifaya au nyuma yake?

NyuziSita, Mwanga, Kigoma

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwa wanaozijua hizi mashine za efekti za kidijitali, maana fundi mitambo wetu ameshaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni.

Napiga gitaa la rithim kwenye kwaya ya vijana. Gitaa lina pikapu mbili za hambaka, nyuzi seti ya namba 10, naingia kwenye Zoom G1X Four, na kutoka hapo kebo moja inakwenda kwenye mikisa. Amplifaya ya jukwaani sina, natumia ile ya kuigwa ndani ya Zoom, na najisikia kwenye monita tu. Jengo ni la bati, jukwaa ni la mbao lenye uwazi chini, na humo ndani ya uwazi ndimo walimoweka sabufa mbili za inchi 18. Nani alishauri hivyo sijui, nimelikuta.

Shida yenyewe ni hii. Kuna wimbo wa kusifu tumeupanga kwa mahadhi ya rock kidogo. Ubeti mzima nabana nyuzi kwa ubavu wa kiganja pale kwenye daraja la gitaa na kupiga myuti za E, jug-jug-jug, halafu kiitikio naachia kordi zilie wazi. Nyumbani kwenye hedifoni ni safi kabisa. Kanisani kila myuti inatoka "vuuum", mbao zinatetemeka, mpiga besi anapotea, na kuna mama wa kiti cha mbele huwa anashika kifua. Fundi anashusha chaneli yangu. Tunafika kiitikio, chaneli bado iko chini, sisikiki. Anapandisha. Ubeti wa pili huo, vuuum.

Nikaambiwa dawa ni kompresa. Nimeiweka mwanzo kabisa, kabla ya disto (ile efekti ya kukwaruza sauti), nikaikaza. Besi haikupungua, ule mgongo wa piki (mlio wake ikigonga uzi) ukafa, na nikiacha kupiga watu wakiwa kwenye maombi kuna "shhhhh" inayosikika hadi mlangoni. Nikaitoa, nikakata besi kwenye ikwalaiza. Hapo myuti zilitulia, lakini kordi za kiitikio zikakonda, hazina mwili.

Na kuna la pili. Kwenye mapambio ya sebene natumia sauti safi bila disto, na huko pia myuti ni nyingi, ila shida imegeuka: myuti hazisikiki, halafu nikiachia uzi mmoja tu unaruka juu ya kwaya nzima.

Kompresa inakaa wapi hasa? Na mashine yangu inaruhusu efekti 5 tu kwa pamoja, je, inatosha au nianze kudunduliza nitafute kubwa? Nawasilisha.

Bati_Gungu, Kigoma

Uza gitaa ununue kinanda, kinanda hakina myuti.

Utani kando, punguza geini kaka, hicho kipimo cha kuikuza sauti mpaka ikwaruze. Nyie wapiga gitaa wa kanisani mnaweka disto ya uwanja wa Lake Tanganyika ndani ya ukumbi. Nusu ya hiyo vuuum itaondoka bila kompresa yoyote. Na hizo sabufa zitolewe chini ya mbao, jukwaa lenyewe limekuwa ngoma.

NyuziSita

Geini nitashusha mkuu. Sabufa ni suala la kamati, na kamati hukutana ikijisikia.

RithimYaIsevya, Tabora

Mdogo wangu, swali lako nimelipenda, kwa sababu ndani yake kuna magonjwa mawili yanayofanana sura. La disto na la sauti safi hayatibiwi kwa dozi moja. Nianze na la disto maana ndilo linalokugombanisha na fundi.

Kompresa kazi yake ni kushusha kilichozidi. Unaiwekea trisholdi, sauti ikivuka hapo inabanwa kwa resho uliyochagua. Resho ya 4 kwa 1 maana yake zikivuka desibeli 4, inatoka 1. Basi, hakuna uchawi. Sasa elewa kwamba amplifaya iliyojazwa geini nayo inabana, tena kwa ukatili zaidi: inakata vichwa vya mawimbi. Gonga kwa hasira, gonga kwa upole, kinachotoka kina kimo karibu kilekile. Ukiweka kompresa mbele yake, unambana mtu aliyekwisha kubanwa. Utakachovuna ni kelele, kwa sababu kompresa ikishamaliza kubana huwa mnaipandisha volyumu ili kufidia, kwa hiyo vile vidogo vya chini, mvumo wa pikapu na wa umeme, vinapanda navyo, halafu geini inavizidisha. Hiyo "shhhhh" ya wakati wa maombi ndipo inapozaliwa. Na piki kufa ni hapohapo, kompresa imekamata mwanzo wa noti kabla haujafika kwenye amplifaya.

Sasa vuuum inatoka wapi? Kordi ikiwa wazi, nguvu yake imetawanyika, chini kidogo, katikati nyingi, juu nyingi. Ukiweka kiganja, unaua zile sauti za juu za uzi kwa haraka. Kinachobaki ni shina, yaani sauti ya chini kabisa ya uzi. E ya chini ni Hz 82, A ni 110, D ni 147, na ndugu wa kwanza wa ile E, oktava yake ya juu, yuko 165. Geini bado ipo, inalikuza shina hilo. Juu yake, kabineti iliyofungwa nyuma yenye spika nne za inchi 12 ina mvumo wake wa asili kuanzia kama Hz 100 hivi na kidogo juu, na hizi mashine zinaiga kabineti pamoja na mvumo wake. Kwa hiyo kila unapobana, mzigo wote unarundikana kati ya Hz 80 na 250. Unapoachia, rundo linatawanyika. Mkono wako haujakosea kitu, hivyo ndivyo fizikia ya myuti ilivyo, hata mashine ya mamilioni ingefanya hivyo.

Ndiyo maana ikwalaiza ilikuponya ubeti na kukuua kiitikio. Yenyewe inakata muda wote, haijui unabana au umeachia. Na ukiweka kompresa ya kawaida nyuma ya amplifaya ukaikaza, unapata kero nyingine: besi ndiyo kubwa kuliko vyote, kwa hiyo besi ikivuka trisholdi inashushwa sauti nzima, mpaka ule mkwaruzo wa piki ambao hukuwa na ugomvi nao. Ni mwalimu anayechapa darasa zima kwa kelele za mtoto mmoja. Unachotafuta ni kompresa inayosikiliza bendi ya chini peke yake na kuibana hiyohiyo peke yake, nayo ikae mwisho, baada ya amplifaya na kabineti. Watu wa studio wanaiita multibendi.

Kwenye hiyo Zoom yako sikuahidi multibendi. Lakini nafasi 5 zinatosha kufanya jambo. Ningekuwa wewe, ya kwanza ningeweka ZNR, ile ya kupunguza kelele, ikae karibu kabisa na gitaa. Ya pili TS Drive. Hiyo imeiga ile pedali ya kijani ya Ibanez, Tube Screamer, na tabia yake kubwa ni kwamba inazilegeza besi na kusukuma sauti za kati. Geini yake weka sifuri au jirani na sifuri, volyumu yake panda. Hapo huitumii kama disto, unaitumia kama chujio kabla ya disto. Besi ikiingia nyingi kwenye geini inatoka tope, na tope ukishalitengeneza huliondoi tena. Bora uizuie mlangoni, halafu mwili uurudishe baadaye kidogo baada ya amplifaya, ukiwa msafi. Ya tatu ni amplifaya na geini yake uliyoshusha (huyo wa Gungu kasema kweli). Baada ya hapo kompresa, laini, resho ndogo ya 2 au 3, ataki (muda wa kuanza kubana) isiwe ya haraka ili piki ipite kwanza, ishushe desibeli 2 au 3 kwenye myuti na isiguse kitu kwenye kordi. Ikwalaiza mwisho, tena iguse kidogo sana pale Hz 120 hivi. Rivabu msamehe fundi aweke yeye, jengo la bati lenyewe lina rivabu ya bure.

Kompresa za mashine ndogo hazikupi vitufe vyote, zingine zina kimoja cha kukaza na kimoja cha volyumu. Usibabaike. Piga myuti, kaza mpaka usikie imeshuka, rudi nyuma kidogo.

Na angalia mpini wa suala kabla ya mashine: bisibisi. Pikapu yako upande wa nyuzi nene iko karibu kiasi gani na uzi? Mara nyingi zinatoka dukani zimepandishwa upande huo. Ishushe kidogo upande wa besi tu. Hiyo nayo ni kompresa, na haili nafasi.

La sauti safi nitarudi nalo, kuna mtu ananisubiri na spika yake.

ChumaUjiji, Kigoma

Shikamoo mzee RithimYaIsevya, hapo umetiririka.

Mimi napiga metal. Ndiyo wakuu, Ujiji kuna metal, tupo wachache tunajuana. Mashine sina, natumia laptopu: Neural Amp Modeler ni programu ya bure ya kuiga amplifaya, nairekodia kwenye Reaper, na Reaper inakuja na multibendi yake inaitwa ReaXcomp. Kwa hiyo nimekaa sana na hili tatizo, naomba niongezee namba.

Naacha bendi moja tu ikifanya kazi, kuanzia kama Hz 80 hadi 250, zingine zote nazizima zisiguse chochote. Resho 4. Ataki milisekunde 12 hadi 20. Rilisi (muda wa kuachia) kama milisekunde 100. Ukitazama mshale wa kupunguza, kwenye myuti unashuka desibeli 4 mpaka 6, kwenye kordi iliyoachiwa unakaa sifuri au unatikisika tu. Kukipata hicho, myuti na kordi zinakuwa na besi yenye kimo kimoja na hakuna kilichokonda.

Jinsi ya kuipata trisholdi: usianze na myuti. Rekodi kitanzi kifupi, nusu kordi ndefu, nusu myuti. Anza na trisholdi ikiwa chini sana mpaka kila kitu kinabanwa. Sasa ipandishe polepole huku ukitazama mshale kwenye ile kordi ndefu. Pale unapoacha kushuka kwenye kordi, simama. Achia kitanzi kiendelee mpaka kwenye myuti, utauona unaruka. Hapo ndipo kwako. Ukibadilisha geini au amplifaya, trisholdi haina maana tena, unaanza upya.

Ataki watu wanapenda kuikimbiza, milisekunde 1, wanadhani haraka ndiyo bora. Wimbi moja la Hz 82 lina urefu wa milisekunde 12. Kompresa ikiwa na haraka kuliko wimbi lenyewe, inaanza kubana umbo la wimbi badala ya ukubwa wa noti, na hapo besi inatoka imechanika. Rilisi nayo ni hivyohivyo, ikiwa fupi mno inatetemeka na wimbi. Ikiwa ndefu mno, haijaachia myuti ya kwanza ya pili inakuta imebanwa, basi unakuwa na ikwalaiza ya bei ghali. Piga hesabu ya mwendo: wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, ukipiga myuti nne kwa pigo, kila moja ina milisekunde 125. Kwa mapigo 150 inakuwa 100 kamili.

Huu mtindo mitandaoni wengi wanauhusisha na Andy Sneap, prodyuza wa Uingereza wa mambo ya metal, ambaye alikuwa anautumia na multibendi ya Waves inayoitwa C4. Kwa hiyo siyo uzushi wa vijana.

Kwa upande wa mashine, mwenye Helix ya Line 6 ana kompresa ya bendi tatu ndani, Fractal nao wana multibendi. Hata HX Stomp ile ndogo ina ujanja: inagawa sauti njia mbili kwa masafa, unaikata pale Hz 200 na kitu, njia ya chini unaiwekea kompresa ya kawaida, ya juu unaiacha, mwisho zinakutana. Ila bei zake wakuu, mimi naangalia video tu.

RithimYaIsevya

Marahaba ChumaUjiji. Umenifurahisha kwa hilo la kuanza na kordi badala ya myuti. Wengi wanaanzia mwisho.

Sasa sauti safi. Huku mambo yamegeuka, na kompresa ya mbele ambayo nimeisema vibaya huko juu ndiyo mahali pake hapa. Bila disto hakuna wa kukata vichwa, kwa hiyo tofauti ya uzi uliobanwa na uzi ulioachwa unaisikia yote. Myuti inapoteza nguvu kwenye kiganja, uzi ulioachiwa unaruka. Ndiyo hali yako ya sebene.

Weka kompresa mwanzo, kabla ya amplifaya safi. Resho 3 au 4, trisholdi ya chini kiasi kwamba noti ya kuachia inabanwa vizuri na myuti inaguswa kidogo sana. Kisha volyumu ya kompresa ipandishe kufidia. Myuti zinapanda, noti wazi inabaki mahali pake, pengo linazibika. Ataki ndiyo roho ya hapo: iache milisekunde 25, 30, hata 40. Muda huo piki inapita bila kuguswa, ndipo kompresa inafunga. Unasikia "tok", kavu, inakaa juu ya ngoma bila kugombana na mwimbaji. Ukiifanya ya haraka unapata "tuf", haina uso.

Sisi wa Tabora tumekulia kwenye muziki wa Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na wenzetu wa Kigoma mna Wakongo ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo hakuna haja ya kumfundisha mtu wa huku kazi ya gitaa la pili kwenye sebene. Hilo gitaa nusu yake ni kiganja. Nilipoanza kupiga rithim, kompresa hakuna aliyeijua, tulikuwa na amplifaya moja ya taa (valvu) inayoshirikiwa na magitaa mawili. Ukiipandisha ilikuwa inabana yenyewe kwa sababu imechoka. Vijana mnanunua kwa fedha kile ambacho sisi tulipewa na umaskini.

Kwa hiyo NyuziSita tengeneza pachi mbili, yaani mipangilio miwili ya efekti. Ya sebene, kompresa mwanzo. Ya rock, kompresa nyuma ya amplifaya. Usijaribu kuifanya moja ifanye kazi zote.

Na kiganja. Kikae juu ya vile vidaraja vidogo vya nyuzi, nusu kwenye chuma nusu kwenye uzi. Kila milimita unayosogea kuelekea shingoni unaongeza "bum" na kupoteza noti. Wapiga gitaa wengi wakisisimka mkono unatambaa mbele bila kujijua. Rekodi video ya mkono wako siku ya ibada, utaona.

NyuziSita

Wakuu Mungu awabariki. Mzee nimeelewa la pachi mbili, na bisibisi nimeshaichukua. Ila hili la kwenye hedifoni bado linanisumbua. Sauti ileile, pachi ileile, kwa nini nyumbani hainifuriki hata kidogo? Ingekuwa shina la uzi na kabineti si ningesikia na nyumbani?

MitamboKasulu

Hapo naomba niingie mimi upande wa mikisa, maana tunasingiziwa sana.

Mkuu, masikio yako ndiyo yanayokudanganya nyumbani. Sikio la binadamu kwa sauti ndogo halisikii besi vizuri, ukipandisha sauti besi inakuja juu kuliko vitu vingine. Fletcher na Munson walichora mikondo ya hilo Marekani mwaka 1933 na bado tunaitumia. Ukitengeneza pachi saa nne usiku kwa hedifoni, kimyakimya usiwaamshe watu, utaongeza besi mpaka uridhike. Ipeleke kwenye spika za kanisa zinazopigwa kwa nguvu, besi uliyoongeza inajitokeza yote. Hapo hatujaongeza mbao na sabufa zako. Hedifoni haina sabufa ya inchi 18.

Dawa: pachi za kanisani zitengenezwe kanisani, kwa sauti ya ibada, siku ya mazoezi. Omba dakika kumi kabla ya kwaya haijafika. Na usizihukumu gitaa likiwa peke yake. Gitaa peke yake likisikika nene na tamu, ndani ya bendi litakuwa tope. Likisikika limekonda kidogo peke yake, mara nyingi ndani ya bendi liko sawa, kwa sababu unene ni wa mpiga besi na dramu.

Upande wa fundi, jambo la kwanza kabisa ni kukata chini kwenye chaneli ya gitaa, Hz 90 mpaka 100. Hata mikisa za bei ndogo nyingi zina kitufe cha kukata besi, kibonyezwe. Sabufa nyingi zinafanya kazi chini ya Hz 100 au 120, na gitaa halina shughuli huko. Kama fundi wenu anaweza kuzilisha sabufa kwa aux (njia ya pembeni ya mikisa) yake, basi asitume gitaa kabisa, atume kiki, besi na kinanda. Vuuum ya mbao itakwisha bila wewe kugusa Zoom.

Kisha muulize mikisa ni ya aina gani. Kama ni Behringer X32, ndani kwenye efekti kuna Combinator, ambayo ni kompresa ya bendi nyingi. Anaweza kuiweka kwenye chaneli yako na kufanya kilekile alichoeleza ChumaUjiji, na wewe huhitaji kununua mashine nyingine. Mafundi wengi wa kanisani wana mashine hizo na hawajawahi kufungua ukurasa wa efekti zaidi ya rivabu. Simsemi wa kwenu, simjui.

Bati_Gungu

Mmeona sasa, nilisema sabufa zitolewe mkanicheka.

NyuziSita

Mrejesho wakuu, tumetoka mazoezini.

Mikisa siyo X32, ni ya analogi ya chaneli 16, kwa hiyo Combinator hakuna. Lakini kitufe cha kukata besi kilikuwepo na kilikuwa hakijabonyezwa. Fundi amekibonyeza huku ananiangalia mimi utadhani ni mimi niliyekiacha. Pikapu nimeishusha upande wa E. TS Drive geini sifuri mbele ya amplifaya, geini ya amplifaya imeshuka karibu nusu. Kompresa nyuma, laini. Vuuum imebaki kidogo kwenye noti ya E tu, nikihamia A na kupanda juu haipo. Mbao zimetulia. Kiitikio kikija, gitaa lipo, fundi hakugusa chaneli yangu wimbo mzima, na hilo halijawahi kutokea.

Pachi ya sebene nayo imekaa. Ile "tok" ya mzee nimeipata, mwenzangu wa solo akageuka kuniangalia.

Yamebaki mawili. Hiyo E. Na kuna wimbo mmoja wa haraka, mapigo kama 150, myuti za mfululizo mdundo wa kwanza unasikika halafu zinazofuata zinadidimia. Kompresa yangu haina kitufe cha rilisi.

ChumaUjiji

Hilo la kudidimia ni rilisi, nilisema hapo juu. Kompresa inachelewa kuachia kuliko mwendo wako. Kama huna kitufe chake, jaribu aina nyingine ya kompresa ndani ya Zoom, zinatofautiana tabia, au uishushe kukaza kwenye pachi ya wimbo huo peke yake. Ukiweza kupata laptopu, ingia kwenye Guitar Lab ya Zoom, kuna efekti za kuongeza.

RithimYaIsevya

Kwa mapigo 150 izime kabisa. Mkono unaopiga haraka unagonga kwa nguvu ndogo, hakuna cha kubana. Hiyo nafasi iliyobaki wazi weka ikwalaiza ya pili mbele ya amplifaya, ukate chini ya Hz 100.

Na E iliyobaki: ni noti moja tu, kwa hiyo ni jengo au jukwaa linaitikia Hz 82, siyo gitaa. Mwambie mpiga besi apige E ileile ya oktava moja juu ya uzi wake wa wazi, peke yake, uone kama mbao zinaitika. Zikiitika, peleka ushahidi huo kwenye kamati, msiendelee kuitafuta kwenye Zoom.

NyuziSita

Jumamosi tunajaribu na mpiga besi. Ameshauliza kwa nini siku hizi anasikika sana, anadhani fundi kampandisha.